Mpangaji wa Chumba cha Nne

Izigo, siku moja kabla hujaondoka

Koku mwanangu,

Salamu naziruka. Uko chumba cha pili unapiga pasi sketi ile ile kwa mara ya tatu, harufu ya mkaa inanifikia hapa mezani, na mtu aliye karibu hivyo haandikiwi salamu. Ningeweza kuinuka, nisogeze pazia, nikuambie kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu tumalize chakula cha mchana. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umepata soksi zako. Mara ya pili nilikuuliza tena kama umepata soksi zako, ukanitazama kama mtu anayetakiwa kupelekwa hospitali. Kwa hiyo naandika.

Sitakuambia uchemshe maji, wala ufunge mlango kwa komeo, wala usikose misa. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu, na Bukoba si ng'ambo; ukikohoa kwa nguvu tutakusikia. Ninachotaka kusema kinahusu ile fomu.

Jana ulipokuwa unamenya ndizi na mama yako ulisema, "Baba, hiyo leseni ya kupangisha isitusumbue. Tuwaandike wapangaji wote ni ndugu zetu, kama ulivyofanya wewe ile mara ya kwanza." Ukacheka. Mama yako hakucheka, sijui kama uliona. Aliinama akaendelea kumenya, na mimi nikatoka nje kujifanya naangalia kuku. Tangu wakati ule nina hasira, nazunguka nazo nyumba nzima nikitafuta wa kumpa, na kila nikigeuka nakutana na mimi mwenyewe.

Kesho unakwenda kuanza kazi mjini. Utakaa chumba cha kwanza cha nyumba yetu, na vile vyumba vitano vingine na watu waliomo nimekukabidhi wewe. Fomu ya leseni iko kwenye mkoba wako. Kabla hujaandika hata jina moja juu yake, nataka ujue nililoandika mimi na lilipotufikisha. Ukishajua, kama bado unaona ni jambo la kucheka, basi cheka, lakini sitakupa tena ufunguo.

Nakubali kwamba fomu inachosha. Kurasa nne. Jina la mwenye nyumba, kiwanja, idadi ya vyumba, choo kiko umbali gani, maji machafu yanakwenda wapi. Kisha kila mpangaji kwa jina lake kamili, kijiji anachotoka, mtu wake wa karibu na namna ya kumpata, na mkataba wenye sahihi mbili. Mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Halafu bwana afya aje na futi kamba yake, apime dirisha la chumba cha nne na kutikisa kichwa. Dirisha lile ni dogo. Nilijua ni dogo tangu siku fundi alipoliacha, nikamwambia aendelee kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Karatasi moja inaweza kumfanya mtu mzima ajione mshitakiwa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na hilo ndilo lililonikera wakati ule. Linanikera hata leo, nisikudanganye.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na wewe umelelewa humu utalielewa. Sisi mgeni akifika tunampa kahawa ya kutafuna kwanza. Maneno yanafuata. Wapangaji wangu wote niliwapokea hivyo. Mtu anabisha hodi mlangoni na begi lake, namkaribisha, namwekea kikapu kidogo cha kahawa, tunatafuna, tunazungumzia mvua na bei ya ndizi, na kabla hajaondoka nimeshamwonyesha chumba. Sasa mtu mliyekula naye kahawa unamgeukiaje na karatasi, umwambie andika hapa jina la atakayekuja kukuchukua ukifa? Niliona ni aibu. Niliona ni matusi kabisa. Nikajiona mwenye nyumba muungwana kuliko wote pale mtaani, na sikuwa na mkataba hata mmoja.

Deo alikuja hivyo. Ndiyo, Koku, kaka Deo. Vumilia, soma mpaka mwisho.

Wakati ule nilikuwa bado nafundisha mjini, nalala chumba cha kwanza, Jumamosi narudi huku Izigo. Alikuja na mfuko wa spana na begi dogo la nguo. Alikuwa fundi baiskeli karibu na soko. Tulitafuna kahawa. Nikamuuliza anatoka wapi, akaelekeza kidevu upande wa kusini, akasema, "Muleba huko." Muleba ni wilaya nzima, Koku, inaanzia milimani mpaka visiwani, na mimi mwalimu wa jiografia niliridhika na jibu hilo. Nikampa ufunguo wa chumba cha nne.

Alikaa miaka mitatu. Alikuwa mtu wa kufagia uwanja bila kuambiwa. Msimu wa senene alikuwa ananiletea wa kwake, wamefungwa kwenye jani la mgomba, ananiambia, "Mwalimu, hawa ni wa nyumbani Izigo, usiwamalizie njiani." Ulikuwa unawala wewe. Ulikuwa unaning'inia mkononi mwangu kila Jumamosi ya Novemba kuuliza kama nimeleta. Nilijua anapenda chai bila sukari na kwamba anaimba akioga. Sikujua jina la baba yake.

Ndipo ulipokuja utaratibu wa kwanza wa kuandikisha nyumba za kupangisha pale mtaani. Tangazo lilikuwa na mwanya mmoja, na mwalimu akiona mwanya katika maelezo hawezi kutulia: nyumba inayokaliwa na familia haihusiki. Nikakaa mezani na kalamu, nikaanza kugawa undugu. Mama wa chumba cha pili nikamfanya dada wa mama yako. Vijana wawili wa chumba cha tatu wakawa wajukuu wa shangazi. Nilipofika chumba cha nne mawazo yalikuwa yameniishia, nikamkumbuka kaka yangu Laurenti.

Habari za Laurenti unazijua. Alikwenda Uganda kutafuta kazi akiwa kijana, akaandika barua moja, akanyamaza, na miaka mingi baadaye tukaambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu kwamba amefariki. Hatukupata mwili wala kaburi. Bibi yako hakutandua kitanda chake mpaka mchwa walipokimaliza. Mimi nikaandika kwenye daftari la mtaa: Deogratias, mtoto wa marehemu kaka yangu Laurenti. Ilikuwa rahisi kumpa mtoto mtu ambaye hatarudi kukataa.

Mwenyekiti wa mtaa alisoma orodha, akaniambia, "Mwalimu una ukoo mkubwa," akagonga muhuri. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Nikawasimulia mezani, mkacheka, na tangu siku hiyo ile imekuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Kwa hiyo ulipocheka jana ulikuwa unacheka kama nilivyokufundisha. Tofauti ni kwamba katika masimulizi yangu nilikuwa nawataja dada wa mama yako na wajukuu wa shangazi, na Deo sikumtaja. Mwanzoni sikumtaja kwa sababu bibi yako alikuwa anasikia. Baadaye sikuweza tena.

Aliugua wakati wa likizo, mimi niko huku. Homa, siku tatu, majirani wakampeleka hospitali. Asubuhi ya siku ya nne simu ikalia nikiwa kibanjani nakata majani ya migomba.

"Mwalimu, pole sana. Mtoto wa kaka yako ametutoka."

Nikamuuliza, "Mtoto wa kaka yupi?"

Nikasikia kwenye simu mwenyekiti anafunua ukurasa. "Deogratias. Wa marehemu Laurenti. Si ndiye?"

Nikasema nakuja. Nilikuwa na safari nzima ya kupanga la kusema, na nililipanga vizuri. Ningemwambia: yule ni mpangaji wangu, si ndugu, na kwao sipajui, tusaidiane kupatafuta. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu makini kuliko nilivyodhani. Akikumbuka nina mdogo wangu anayekaa Kashozi, alimtafuta huyo Projestus kabla sijafika. Nilipofika hospitali nilimkuta baba yako mdogo kwenye benchi, analia mpaka mabega yanatikisika. Akanishika mikono yote miwili.

"Kaka, ulijua Laurenti ana mtoto ukanyamaza? Sikulaumu. Ulikuwa na sababu zako. Nimeshampigia mama. Tangazo nimelipeleka redioni."

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni na lile daftari kwapani. Ndani yake, ukurasa ule ule, kulikuwa na majina mengine ya ndugu zangu wa kubuni, na kila moja lilikuwa kwa mwandiko wangu. Sentensi niliyoipanga njiani ilikuwa fupi. Nimewahi kuwachapa watoto wa watu kwa kunakili majibu ya mtihani, nikawaambia ukweli haumuui mtu. Nikafungua mdomo nikasema, "Asante kwa kuja, Projestus."

Hapo ndipo nilipokosea, Koku. Orodha ilikuwa kosa la uvivu na kiburi, na lingeweza kufutwa kwa kalamu. Pale kwenye benchi kosa lilikuwa la woga, na halikufutika. Nimerudi kwenye benchi lile mara nyingi mno, na kila mara nasema ile sentensi vizuri, kwa sauti ya darasani, na kila mara nimechelewa.

Tulikwenda chumba cha nne kuchukua vitu vyake. Kulikuwa na spana, viatu vizuri vilivyofungwa kwenye gazeti, rozari, na simu iliyofungwa kwa alama ambayo hatukuijua. Fundi simu alikuwa ng'ambo ya barabara, namuona kibandani kwake kupitia lile dirisha dogo. Angeifungua kwa dakika chache. Sikuipeleka. Nilijiambia kuna haraka, mwili haungoji, kumbe niliogopa itafunguka na kuniambia alikotoka.

Tulipofika Izigo na mwili, bibi yako alikuwa anatungoja mlangoni, amejifunga kitenge chake cha misa. Aliwaambia wamfunue uso. Akakaa kwenye mkeka pembeni, akayashika masikio ya Deo kwa vidole viwili viwili kama mtu anayechagua maharage, akasema kwa Kihaya kwamba haya ni masikio ya Laurenti. Watu wakasogea kuangalia masikio. Wakakubaliana. Hata mimi niliangalia, Mungu anisamehe, na kwa muda mfupi niliona yanafanana. Bibi akaamuru azikwe kibanjani pembeni ya babu yako, mahali ambapo Laurenti angezikwa. Alilia siku ile, lakini tangu siku ile alitembea amenyooka. Alikuwa amepata kitu cha Laurenti cha kuweka ardhini.

Ulikuwa darasa la tano. Ulitupia udongo wako, ukaniuliza kwa nini kaka Deo hakuwahi kuja kututembelea. Nikasema kazi zilimbana. Kila Novemba tangu wakati huo umepalilia kaburi lile na kupanda maua yako ya njano, na kila Novemba nimekuwa na shughuli upande wa pili wa kibanja.

Nilijitafutia maneno ya kujifariji, usidhani sikujitafutia. Kwa wazee wa zamani, watu wawili wasio ndugu walikuwa wanakula mbegu mbili za tunda moja la kahawa wakawa ndugu, na undugu huo uliheshimiwa kuliko wa tumbo moja. Nikajiambia mimi na Deo tulitafuna kahawa, basi si uongo kamili. Upuuzi. Wale wazee walifanya mbele ya watu, kila mmoja akijua mwenzake ni nani na kwao ni wapi.

Miaka miwili ikapita. Wewe ulikuwa bweni. Asubuhi moja akaingia mama mmoja na kikapu, ana vumbi mpaka magotini. Nikamkaribisha, nikamwekea kahawa. Hakuichukua.

"Waitu mwalimu, mimi natoka Ngenge. Naitwa Anastazia. Ni mama wa Deo."

Nikamuuliza, "Deo yupi?" Nilijua ni yupi. Sijui kwa nini mdomo wangu huwa unauliza kwanza.

Alikuwa amemtafuta mwanawe miaka miwili. Deo hakuwa mtu wa kupiga simu mara kwa mara, na kimya chake cha kwanza hakikumshtua. Cha pili kilimshtua. Mwisho alikwenda mjini, akauliza mafundi baiskeli mmoja mmoja, wakamwelekeza kwenye nyumba yetu, na mama wa chumba cha pili akamwambia kwamba Deo alizikwa Izigo kwao, kwa baba yake mdogo. Akasema, "Nikamwambia huyo mama kwamba baba yake Deo hakuwa na ndugu Izigo. Akaniambia labda ni Deo mwingine. Nimekuja kuona kama ni mwingine."

Nikamwonyesha kile kiatu kimoja nilichobaki nacho, kingine panya walikula. Akakipokea. Nikamwambia yote, hapo hapo, mbele ya mama yako, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, fomu na daftari na benchi. Sikupunguza kitu. Ni Ngenge, Koku. Ngenge ni Muleba hii hii. Ningeuliza swali moja zaidi siku ile ya kahawa, ningejua.

Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama tangazo lilitoka redioni. Nikasema lilitoka.

"Nililisikia," akasema. "Nilikuwa namenya ndizi. Wakasema Deogratias, mtoto wa marehemu Laurenti, wa Izigo. Nikamwambia jirani yangu, jina kama la mwanangu. Nikasema poleni wafiwa. Nikaendelea kumenya."

Ndiyo maana mama yako hakucheka jana. Naomba uielewe hasira yangu pia. Mama wa mtu alitangaziwa kifo cha mwanawe ndani ya jiko lake, naye akawapa pole watu wengine, kwa sababu mimi sikutaka kujaza kurasa nne na kupimiwa dirisha.

Nilimpeleka kaburini. Tukiwa pale bibi yako akatoka nyumbani na fimbo yake, macho yalikuwa yameanza kupotea lakini alijua kuna mgeni. Akauliza ni nani. Kabla sijasema neno alianza yeye mwenyewe kumweleza mgeni kwa furaha: hapa amelala mjukuu wangu, mtoto wa Laurenti, Mungu alinirudishia. Alikuwa anapapasa ule msalaba wa mbao kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto. Ma Anastazia alimtazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri dunia ipasuke. Kisha akapiga magoti, akamshika bibi mikono, akasema, "Nimekuja kumsalimia, mama. Ni mwanangu."

Bibi yako akaelewa alivyoweza kuelewa. Kwake mama wa mtoto wa Laurenti alikuwa mke wa Laurenti, hapakuwa na jambo jingine la kuuliza. Akamwita mkwe wangu. Akaamuru kuku achinjwe. Na Ma Anastazia akakaa, akala, akaitikia. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, akaniambia maneno ninayoyakumbuka kwa hesabu.

"Mwalimu, siwezi kumnyang'anya mzee huyu. Sitamfukua mwanangu, amelala pazuri. Lakini bibi huyu akishaondoka, utarudisha jina lake. Yeye si wa Laurenti. Ana baba yake, alilima Ngenge mpaka akafa."

Nikaahidi.

Kwa hiyo Ma Anastazia unayemwita mama mkubwa, anayekuletea karanga, aliyekusuka nywele ulipokwenda chuo, si mke wa baba yako mkubwa. Alimkubalia bibi yako kwa huruma tu, akawa mkwe wa nyumba isiyo yake kwa miaka yote ile. Bibi alipofariki mwaka jana ulimwona alivyokaa kwenye mkeka na wakwe wengine, akapika, akaosha vyombo, akaondoka wa mwisho. Siku hiyo nilipomsindikiza barabarani alisema neno moja tu: "Mwalimu, sasa."

Nikasema tuondoe matanga kwanza. Tukaondoa. Nikasema tuvune kahawa. Tukavuna. Nikasema Koku amalize chuo. Umemaliza. Tangu Pasaka Ma Anastazia hajauliza tena. Akipiga simu ananisalimu, anauliza habari za mvua, anaomba kuongea na mama yako. Angenigombeza ningejitetea, mimi kujitetea najua sana. Kunyamaza kwake kumenishinda.

Unataka kujua naogopa nini? Namuogopa Projestus. Nina mvi mpaka kwenye nyusi na namuogopa mdogo wangu, kwa sababu alilia kwenye lile benchi kwa machozi ya kweli na mimi nikamwacha alie. Nawaogopa wazee wa ukoo watakaosema nimemlaza mgeni mahali pa Laurenti. Na nakuogopa wewe, ambaye umepalilia.

Sasa rudi kwenye fomu. Kurasa zile nne bado zinaniudhi, na nina hakika yule aliyezitunga hajawahi kuwa na mpangaji. Zijaze. Mama wa chumba cha pili atakuuliza mbona unamhoji kama polisi; bado yupo, ana miaka mingi pale na bado kwenye daftari ni dada wa mama yako. Mpe kahawa, mtafune, kisha toa karatasi. Mimi nilidhani ni lazima nichague kimoja, kahawa au karatasi. Unaweza kuweka vyote viwili kwenye meza moja, na aliyekula kahawa yako ndiye hasa unayetakiwa kujua kwao. Muulize kijiji. Akikwambia Muleba huko, mwambie baba yangu aliwahi kuridhika na jibu hilo, mimi siridhiki. Muulize jina la mama yake, hata kama fomu haikuuliza.

Kwa mwenyekiti utaanza kwa kusema orodha ya zamani ilikuwa ya uongo na aliyeiandika ni baba yako. Mwenyekiti ni mwingine sasa, lakini daftari ni lile lile. Atakukunjia uso. Mwambie anipigie mimi. Kuhusu dirisha la chumba cha nne nimeshaongea na fundi, atalipanua kabla bwana afya hajafika. Bwana afya akisema kifungwe, kifunge. Leseni ikichelewa, ichelewe. Kwenye mstari wa uhusiano na mwenye nyumba andika mpangaji. Halina ubaya neno hilo. Lingemrudisha Deo kwa mama yake siku ile ile.

Umeniuliza mara mbili ile mbao iliyofunikwa gunia nyuma ya mlango ni ya nini, nikakujibu ni mbao. Ni msalaba. Umeandikwa jina lake la kweli na la baba yake. Nimekuwa nao humu ndani tangu wiki iliyopita, na ndiyo sababu nimekuwa nasisitiza upande gari la saa mbili asubuhi. Nilitaka uwe umeshaondoka. Ma Anastazia atafika na gari la kwanza kutoka kwao, Projestus nimemwambia aje saa nne na wazee wawili, hajui ni kwa jambo gani, anadhani ni posa yako. Nilipanga uyasikie haya ukiwa mbali, kwa barua, ukiwa na mlango wa kufunga.

Nimebadili mawazo nikiwa katikati ya ukurasa huu. Panda gari la mchana. Sikuombi usimame upande wangu. Ukiwa na hasira nami, simama na hasira zako karibu na Ma Anastazia, atahitaji mtu wa kumshika mkono, na wewe ndiwe uliyemtunzia mwanawe kaburi bila kujua. Ukiweza endelea kumwita mama mkubwa. Muulize yeye kwanza.

Fomu ulichukua mbili, ukasema baba ana mkono wa kuharibu karatasi. Ya kwanza iko salama mkobani mwako, safi. Ya pili nimeichukua bila kukuomba na nimejaza mpangaji mmoja tu. Jina la mpangaji: Deogratias. Chumba: cha nne. Kijiji anachotoka: Ngenge. Mtu wa karibu: Anastazia, mama yake. Uhusiano na mwenye nyumba: mpangaji. Chini nimetia sahihi. Hiyo haina ofisi ya kupelekwa tena. Nitaisoma kesho pale kaburini, neno kwa neno, karatasi ikiwa mkononi, maana nikiachwa niseme kwa kichwa nitawauliza wote habari za soksi.

Baba yako